Siku tatu katika Milima ya Chyulu: mwongozo wa kupiga kambi na kutembea kwa msafiri anayetoka Mombasa

Mkaazi wa Mombasa anayefungua mfereji akakuta maji yanatoka, mara nyingi huwa anakunywa mvua iliyonyesha juu ya Milima ya Chyulu. Mvua hiyo huanguka kwenye majivu na mawe ya volkeno, hupenya ardhini kabla haijafanya hata kijito, husafiri chini kwa chini yapata kilomita 50, na hububujika katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Na tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyateremsha maji hayo ya Mzima hadi pwani. Milima yenyewe haina mto wala ziwa. Anayeipanda bila kuelewa jambo hili atateremka akiwa na kiu, na ndiyo maana mwongozo huu, ingawa unagusa hema, mavazi na njia, unarudi kwenye maji karibu kila hatua.

Chyulu ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1983. Ni safu ndefu ya mamia ya vilima vya volkeno, vingi vyake vikiwa vimefunikwa nyasi, na msitu wa mawingu umeshikilia vilele na mabonde ya juu. Kilele kirefu kina mita 2,188 kutoka usawa wa bahari. Kwa umri wa milima, hii ni michanga mno: vilima viwili vya eneo hili, Shetani na Chainu, vililipuka katikati ya karne ya 19, wakati mji wetu wa kale ulikuwa tayari na misikiti yake na Ngome ya Yesu ilikuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 250. Wageni ni wachache ukilinganisha na Tsavo, hakuna duka, hakuna mkahawa, na simu hushika mtandao mahali pamoja ikaupoteza hatua ishirini mbele. Mwongozo huu unakusudia kundi la watu wanne, watakaolala usiku mbili mlimani.

Hatua ya kwanza: chagua wakati

Sisi wa pwani tumezoea kuhesabu masika kuwa ndiyo mvua kubwa, lakini upande wa Ukambani, ambako mteremko wa mashariki wa Chyulu umeelekea, mkulima huitegemea zaidi mvua ya Novemba na Desemba. Miezi hiyo, pamoja na Machi hadi Mei, njia za mlimani huteleza na magari hukwama. Inabaki misimu miwili. Januari na Februari anga huwa safi na Kilimanjaro huonekana vizuri upande wa kusini magharibi, lakini jua ni kali na nyasi zimekauka. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna baridi, na ukungu huweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. Mimi huchagua mwisho wa Juni, kwa sababu nyasi bado zina unyevu wa mvua zilizopita, hatari ya moto ni ndogo, na mtu anayetembea kwenye ubaridi hutumia maji machache kuliko anayetembea juani.

Tazama pia mwezi. Mvuvi huutazama kwa ajili ya bamvua na maji mafu. Mpanda milima autazame kwa ajili ya mwanga. Usiku wa mwezi mpevu, kambi huonekana yote bila tochi, na mnyama anayekaribia huonekana pia.

Hatua ya pili: pata ruhusa, na askari wa kuongozana naye

Mbuga husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Ada za kuingia na za kupiga kambi hulipwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni, na raia wa Kenya anapaswa kuwa na kitambulisho chake ili atozwe ada ya raia. Lipa ukiwa bado Mombasa, kisha uchapishe risiti au uihifadhi kwenye simu kama picha, kwa sababu langoni huenda usipate mtandao wa kuifungua. Ada hubadilishwa mara kwa mara, hivyo iangalie wiki ile ile unayosafiri badala ya kutegemea aliyokwenda mwaka jana.

Jambo lililo muhimu kuliko malipo ni kuwasiliana na ofisi ya mbuga mapema, angalau wiki mbili kabla, ukawaeleza idadi yenu, siku mtakazokaa na njia mnayotaka kupita. Chyulu ina nyati, ndovu na chui, na hakuna anayepaswa kutembea humo bila askari wa mbuga mwenye silaha. Uliza askari atapatikana siku zipi, malipo yake ni kiasi gani, na kama mtambebea maji na chakula. Hata wakikujibu kuwa anajitegemea, mhesabu katika maji yenu. Uliza pia hali ya njia, mahali panaporuhusiwa kupiga hema wakati huo, na kama kuna moto wa nyasi upande wowote wa milima. Maswali haya matatu yamewahi kunifanya niahirishe safari kwa wiki tatu, na sikujuta.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya maji

Mtu anayepanda na kuteremka siku nzima anahitaji kunywa takriban lita 4. Ongeza lita 2 za kupikia, kuosha vyombo na kunawa mikono, na utapata lita 6 kwa mtu kwa siku. Watu wanne na askari mmoja ni watano. Kwa siku tatu hiyo ni lita 90. Mitungi mitano ya lita 20, ile ile inayosukumwa kwenye mikokoteni mitaani kwetu maji yanapokatika, inatosha na kubakisha lita 10. Mimi huongeza mtungi wa sita ambao haufunguliwi mpaka siku ya kuteremka. Jumla ni lita 120, ambazo ni kilo 120, na uzito huo peke yake unaonyesha kwa nini kambi ya Chyulu inahitaji gari la kuifikisha, hata kama nia yenu ni kutembea kwa miguu.

Usiijaribu safari hii kwa chupa za dukani. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga za taifa, misitu na fukwe zilizohifadhiwa nchini Kenya, na chupa ya maji ya dukani ni mojawapo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017. Kila msafiri awe na chupa mbili ngumu za lita moja na nusu hivi, za chuma au za plastiki nzito ya kudumu, atakazozijaza kutoka kwenye mitungi kila asubuhi.

Kagua mitungi kwa makini. Katika safari yangu ya mara ya pili, kifuniko cha mtungi mmoja kililegea kwa mitetemo ya njia ya mawe, na tulipofika kambini tulikuta nusu ya maji yake imekwisha kumwagika juu ya magunia ya unga. Hatukufa kwa kiu, lakini tulilazimika kuteremka siku moja kabla, tukiwa na mgonjwa wa kichwa aliyejibana kunywa ili wenzake wapate. Tangu siku hiyo hufanya mambo matatu: huulaza kila mtungi ubavu usiku kucha juu ya gazeti kavu kabla ya safari, nikaangalia kama gazeti limelowa, huweka kipande cha mpira wa tyubu chini ya kila kifuniko, na huisimamisha mitungi ndani ya gari ikiwa imefungwa kamba, isilazwe hata mmoja.

Maji ya mfereji au ya kununua mtaani yachemshwe au yatiwe dawa ya kusafishia kabla ya kujazwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha dawa hiyo. Mitungi iliyowahi kutiwa mafuta au sabuni isitumiwe hata ikioshwa mara kumi. Mlimani, mtu mmoja apewe jukumu la maji: yeye ndiye hufungua, yeye ndiye hugawa, na kila jioni huwaambia wenzake zimebaki lita ngapi. Ukungu wa alfajiri hulowesha hema na turubai mpaka matone yakadondoka, na wapo wanaotandaza turubai safi kuyakinga. Ni jambo zuri la kujifunza, lakini ulichokinga kihesabu kuwa cha kuoshea vyombo tu.

Kwa anayeswali, hesabu ya udhu ifanywe kabla ya kuondoka, si baada ya mtungi kupungua. Udhu wa kikombe kimoja cha chai unawezekana kwa mwenye subira, na maji yakiwa ni ya kunywa peke yake, tayamamu ni ruhusa iliyo wazi. Kibla nacho ni rahisi kukikumbuka: kutoka Chyulu, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, ikiinamia mashariki kidogo sana.

Hatua ya nne: jiandae kwa baridi ambayo hukuizoea

Hewa hupoa kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kilele cha Chyulu basi kina baridi zaidi ya Mombasa kwa takriban nyuzi 13 hadi 14 saa hiyo hiyo, na upepo na ukungu huiongeza. Mtu wa pwani aliyezoea kulala na feni huidharau baridi hii kwa sababu hajawahi kuionja, kisha hukaa macho usiku kucha akisubiri jua.

Nenda Kongowea kwenye mitumba, ambako jaketi zito la kuzuia upepo hupatikana kwa bei ambayo duka la mjini haliwezi kukupa. Nunua na sweta la sufi, kofia ya kuziba masikio, na soksi nene jozi tatu. Epuka suruali ya jinzi, kwa kuwa ikilowa haikauki na huwa nzito. Leso mbili ziwemo kwa kila mtu, awe mwanamume au mwanamke: hufunika kichwa juani, hukausha uso, hufunga mkono ulioteguka, na usiku hutandikwa ndani ya mfuko wa kulalia.

Baridi nyingi hutoka chini, si juu. Mkeka wa ukindu hauizuii ardhi. Tandika godoro jembamba la sponji, au angalau maboksi yaliyofunguliwa, chini ya mkeka. Hema liwe na sakafu iliyoshonwa pamoja nalo na zipu zinazofunga mpaka mwisho, maana nyoka na nge huingia palipo wazi. Lisimamishe nyumbani mara moja kabla ya safari, uwanjani au juu ya dari, uhesabu vigingi na uone kama kuna mshono uliofumuka.

Viatu ndivyo vinavyostahili pesa kuliko kitu kingine chochote. Mawe ya lava ni makali kama chupa iliyovunjika na hukata soli nyembamba kwa siku moja. Vaa buti lenye soli nene, linalofika juu ya kifundo cha mguu, na ulivae Mombasa kwa wiki tatu kabla, hata unapokwenda dukani, ili malengelenge yakutoke ukiwa karibu na nyumba yako. Kisiwa chetu ni tambarare, hivyo mazoezi yake ni ngazi: panda na uteremke jengo la ghorofa tano mara sita jioni, mara tatu kwa wiki, ukiwa na mkoba mgongoni wenye kilo nane.

Hatua ya tano: chagua chakula kisichokula maji

Mchele huoshwa nyumbani, ukaanikwa ukakauka, ili mlimani uingie sufuriani moja kwa moja. Maharagwe makavu yaache: katika mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, na kitu kinachohitaji kuchemka kwa saa mbili pwani kitakumalizia gesi na maji huko juu. Beba maharagwe au mbaazi zilizokwisha kupikwa kwa siku ya kwanza, na kwa siku zinazofuata tegemea mkate wa mofa, ambao hukaa bila kuharibika, pamoja na tende, kashata, njugu, mayai ya kuchemsha na viazi vitamu. Mahamri ni ya siku moja na nusu. Tangawizi ya chai isikosekane. Alfajiri ya mlimani huijua thamani yake.

Ng'onda na papa mkavu viache nyumbani, hata kama ndivyo unavyovipenda, kwa sababu harufu yao huwaita fisi na wanyama wengine kutoka mbali. Mabaki yote ya chakula yafungwe ndani ya ndoo yenye kifuniko na yalale ndani ya gari, kamwe si ndani ya hema.

Hatua ya sita: fika

Lango la kuanzia ni mji wa Kibwezi, kaunti ya Makueni, karibu kilomita 300 kutoka Mombasa kwenye barabara ya Nairobi, baada ya Voi na Mtito Andei. Kwa gari lako mwenyewe, ondokeni baada ya swala ya alfajiri ili malori ya Mariakani yasiwacheleweshe, jazeni mafuta Kibwezi, na mhakikishe mna gurudumu la akiba lililojaa upepo, jeki inayofanya kazi, koleo na kamba ya kuvutia. Gari liwe linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Majivu ya volkeno hufanya vumbi laini wakati wa kiangazi na utelezi mbaya mara tu mvua inapogusa.

Wasio na gari wanaweza kupanda treni kutoka kituo cha Miritini. Chagua ile inayosimama vituo vya kati, kwa kuwa ya moja kwa moja haitasimama Kibwezi. Fikeni kituoni saa nzima kabla, mkiwa na vitambulisho, kwa sababu mizigo hukaguliwa kwa mitambo na mbwa. Hapo ndipo wapiga kambi wengi hushtuka: mitungi ya gesi, mafuta ya taa na visu haviruhusiwi ndani ya treni. Gesi ya kupikia na kisu cha jikoni vinunuliwe Kibwezi, na mitungi ya maji nayo ijazwe huko huko. Gari la kukodi la kuwapandisha mlimani likubaliwe kwa simu siku kadhaa kabla, bei ya kwenda na ya kuja kuwachukua ikiwa imetajwa yote mawili.

Mbuga hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Pangeni kufika langoni kabla ya saa tisa alasiri, ili hema lisimame mchana.

Hatua ya saba: simamisha kambi

Askari wenu atawaonyesha mahali panaporuhusiwa, na neno lake ndilo la mwisho. Ndani ya eneo hilo, tafuteni ardhi iliyoinuka kidogo, mbali na njia iliyokanyagwa na wanyama, ambayo hutambulika kwa nyasi zilizolazwa na kinyesi kibichi. Msikae bondeni, maana hewa baridi huteremka na kulala humo, wala chini ya mti wenye matawi makavu. Mlango wa hema uupe upepo kisogo.

Moto usiwashwe. Najua kambi bila moto huonekana pungufu, na wazee wetu wasingelala porini bila moto, lakini nyasi za Chyulu zikishika huungua kwa siku nyingi, na hakuna mto wa kuuzima. Msitu wa vileleni ndio unaokinga ukungu na kuuteremsha ardhini, na unapoungua ukingoni, nyasi huchukua mahali pake. Pikeni kwa jiko la gesi, juu ya jiwe au ardhi iliyofyekwa, mkiwa na mtungi mmoja wa maji karibu. Anayevuta sigara azime kipande chake ndani ya kopo na arudi nacho nyumbani.

Kuhusu haja kubwa, chimbeni shimo la kina cha shubiri moja hivi, hatua mia moja kutoka kambini na njiani, na mlifukie vizuri. Karatasi ziwekwe kwenye kopo lenye kifuniko na zirudi mjini. Sabuni isimwagwe ovyo. Udongo mzito huchuja uchafu polepole, lakini mwamba wa volkeno una matundu na nyufa, na kinachomwagwa hapa hufuata njia ile ile ya mvua kuelekea chemchemi ambazo watu wa Mombasa wanazinywa. Nimeona makundi yakiacha nepi za watoto na chupa za dawa ya vyombo juu ya milima hii, na ninaamini yangejizuia kama yangejua mfereji wa nyumbani kwao umeunganishwa na nini.

Usiku, mtu asitoke hema peke yake. Kwanza amulike tochi pande zote akiwa bado mlangoni na atazame kama kuna macho yanayong'aa, kisha watoke wawili, wasiende mbali. Viatu vilale ndani ya hema, na asubuhi vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Hatua ya nane: tembea

Siku ya kati ndiyo ya kutembea. Amkeni saa kumi na moja alfajiri, mnywe chai, na muwe mgongoni mwa milima jua linapochomoza, kwa sababu Kilimanjaro hujitokeza saa hizo na mara nyingi hujifunika kabla ya adhuhuri. Katika mwanga huo mwekundu theluji ya kilele chenye mita 5,895 huonekana kama inaelea, na chini yake nyanda za Amboseli bado zimo gizani. Nimewapeleka hapo watu waliozaliwa Majengo na Likoni ambao hawakuwahi kuona mlima, na wote walinyamaza kwa muda mrefu.

Askari atangulie, aliye mzito zaidi afuate nyuma yake na ndiye apange mwendo, na mwenye nguvu awe wa mwisho. Mnywe maji kila nusu saa, mafunda machache, bila kusubiri kiu. Kila saa mpumzike dakika kumi. Nusu ya maji ya mkobani ikiisha, hiyo ndiyo saa ya kugeuka, hata kama kilele mnakiona.

Palipo na nyasi fupi hatari ni ndogo. Mnapoingia kichakani au ukingoni mwa msitu, zungumzeni kwa sauti ya kawaida ili nyati asishtukie watu miguuni mwake, na askari akiinua mkono kila mtu asimame pale alipo. Ndovu akionekana, rudini nyuma polepole mkiwa kimya. Kukimbia ni mpaka askari aseme. Vaeni suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, na mkono usiingizwe kwenye tundu wala chini ya jiwe msiloliona upande wake wa pili, maana moma na koboko wote wanaishi huku.

Kwenye lava tupu, kila hatua ijaribiwe kabla ya kuwekewa uzito. Lava ikipoa huacha ganda gumu juu na utupu chini, na ganda hilo huweza kuwa jembamba. Utupu huo ndio uliozaa mapango ya Chyulu, likiwemo pango la Leviathan, ambalo lina zaidi ya kilomita 10 na ni miongoni mwa mapango marefu ya lava duniani. Msiingie pango lolote bila mtu anayelijua na bila idhini ya ofisi ya mbuga. Mkiruhusiwa, kila mmoja awe na kofia ngumu na taa tatu, na mtu mmoja abaki nje akijua saa mliyoahidi kutoka. Mnaporejea kambini, chukueni njia mliyojia. Njia ya mkato kwenye vilima vinavyofanana ndiyo inayopoteza watu, na ukungu ukishuka hata askari huona hatua kumi tu.

Mkikuta mirungi ya porini, msiichume.

Hatua ya tisa: jua la kufanya mtu akiumia

Kabla ya kuondoka Mombasa, mwachieni ndugu mmoja karatasi yenye majina yenu, namba ya ofisi ya mbuga, na saa ambayo akiwa hajasikia kutoka kwenu atapaswa kupiga simu. Hospitali zilizo karibu ziko Kibwezi na Makindu.

Aliyeumwa na nyoka akalishwe, atulizwe, na avuliwe pete na saa kabla mwili haujavimba. Mkono au mguu ulioumwa ufungwe kwa ubao usicheze, kisha abebwe hadi garini bila kutembezwa. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, lisifungwe kamba ya kukata damu, na lisiwekewe jiwe wala dawa yoyote ya kienyeji. Nyoka asitafutwe, anayeweza kumpiga picha kutoka mbali apige, basi.

Anayeumwa kichwa, kukosa haja ndogo kwa muda mrefu au kutoa mkojo wa rangi ya chai, amepungukiwa na maji. Apumzike kivulini na apewe, mafunda kidogo kidogo, lita moja ya maji safi yaliyokorogwa vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Akichanganyikiwa au kuacha kutoka jasho hali mwili umemchemka, mvueni nguo nzito, mlowesheni kwa maji ya akiba na mteremke naye mara moja. Mtungi wa sita ulibebwa kwa ajili ya saa kama hii.

Hatua ya kumi: teremka

Siku ya tatu vunjeni kambi mapema na mkague uwanja kwa kutembea mstari mmoja, bega kwa bega, mkiokota hata maganda ya mayai. Kama mna gari na muda, lipieni Tsavo Magharibi, ambayo ina ada yake, na mpite kwenye lava ya Shetani, ule mto wa mawe meusi wenye urefu wa takriban kilomita 8, ambao wenyeji waliuita hivyo walipoona moto ukitoka ardhini. Kisha endeleeni hadi Mzima. Baada ya siku tatu za kuhesabu lita, kusimama mbele ya maji yale ya kijani kibichi, viboko wakizama na samaki wakionekana mpaka chini, ni jambo linalostahili saa mbili zenu. Mamba wapo, hivyo msikaribie ukingo.

Mkifika nyumbani, jikagueni kupe kwapani, kinenani na nyuma ya masikio, na mwenye kuwang'oa atumie kibanio kwa kuvuta taratibu bila kukamua. Mtu akipata homa ndani ya wiki chache zinazofuata aende kupimwa malaria na amwambie daktari alikuwa Chyulu na kwamba aliumwa na kupe. Hema lianikwe siku hiyo hiyo mpaka mishono yake ikauke kabisa, maana kwa unyevu wa hewa ya Mombasa hema lililokunjwa likiwa na umande hushika kuvu ndani ya wiki moja. Mitungi ya maji isuuzwe, ipinduliwe bila vifuniko ikauke, na vile vipande vya mpira wa tyubu vifungwe pamoja kwenye kamba ya mtungi mmoja ili vipatikane safari ijayo.